Mguu wa Karani, Dari ya Mzee

Matangazo ya dramu za kielektroniki hupenda picha ya aina moja: kijana amekaa nyuma ya seti nyeusi, hedifoni masikioni, vijiti juu, na chumba cha pili mtoto mchanga amelala fofofo. Aliyesahauliwa na mpiga picha ni jirani wa ghorofa ya chini.

Karani mmoja wa benki, mkazi wa ghorofa ya pili huko Upanga, Dar es Salaam, aliiamini picha hiyo bila kudai risiti. Kama wapiga dramu wengi wa mjini, alizipendea kanisani, ambako seti hukaa mbele ya macho ya waumini wote lakini haishikwi ovyo. Yupo mpigaji wa kwaya, yupo msaidizi wake, yupo mtoto wa mchungaji, ndipo ifike zamu ya mtu mzima anayetaka kujifunza, na ikifika ibada imeshaanza. Kwa hiyo mazoezi ni nyumbani, na nyumbani dramu za kawaida hazifai hata kutajwa: zikipigwa kwa nguvu huvuka desibeli 100, tena kwenye flati ambazo jirani akipiga chafya unamwitikia “afya” bila kuinuka kitini.

Basi akaenda Kariakoo na fedha mfukoni na swali moja: ipi ina sauti nyingi?

Hilo ndilo swali ambalo kila muuzaji anaomba aulizwe. Katika biashara hii sauti hutangazwa kwa mamia. Alesis Nitro Mesh, seti inayojulikana sana na wanaoanza, imebeba sauti 385 zilizopangwa katika makundi 40. Yamaha DTX402K ina makundi 10 tu ya aina hiyo. Karani alipiga hesabu ya kikazi, akaona 40 ni mara nne ya 10, akachagua anachokijua yeye na Mungu wake, kisanduku chenye tarakimu kubwa kuliko vyote dukani. Ukweli ni kwamba mwanafunzi wa miezi ya mwanzo anahitaji sauti tatu: besi, snea na hai-hati. Zilizobaki hutumiwa na watoto wa shangazi wanapokuja Jumapili, nao hawana haja ya kusoma maelekezo. Ndani ya dakika moja wameshaipata sauti ya kioo kinachovunjika.

Lililostahili kuulizwa kwanza ni jingine: kijiti kinatua juu ya nini? Mwaka 1981 Dave Simmons wa Uingereza alitoa seti yake ya SDS-V, yenye padi za pembe sita zilizotengenezwa kwa polikaboneti, plastiki ngumu inayotumika pia kwa ngao za polisi wa kutuliza ghasia. Zilipendeza kwenye video za muziki za miaka ile, ila wapigaji walishuka jukwaani wakikanda vifundo vya mikono. Padi za mpira zikaleta nafuu. Kisha mwaka 1997 kampuni ya Roland ya Japani ikaleta V-Drums za TD-10, zenye ngozi za wavu zilizobuniwa kwa kushirikiana na Remo, watengenezaji wa ngozi za dramu wa Marekani. Wavu hukazwa na kulegezwa kama ngozi ya kawaida, hurudisha kijiti vizuri, na mlio wake ni mdogo kuliko wa mpira. Zamani ulikuwa anasa ya wakubwa. Sasa upo hata kwenye seti za bei ya chini, ingawa padi za mpira bado zinauzwa na zinavumilia vipigo vya mtu mwenye hasira.

Chini ya wavu au mpira huo hukaa kihisi cha piezo, kisahani kinachotoa umeme kidogo kila kinapogandamizwa au kutikiswa. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele ilionyeshwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, ambao hawakuwa na habari yoyote ya hai-hati. Kihisi hakina uwezo wa kutofautisha kijiti, kiwiko na paka. Kinachokifikia ni mtikisiko tu, na mtikisiko husafiri kwenye vyuma vya stendi hadi padi ya pili na ya tatu.

Ndiyo maana jioni ya kwanza, karani alipopiga snea, toazi la kulia nalo likalia. Hakuligusa. Akapiga tena, likalia tena. Kwa kuwa alikuwa ameunganisha spika ili mkewe naye afaidi, mama mkwe aliyekuja kusalimia aliisikia ajabu hiyo kutoka jikoni, akatokea na mwiko mkononi.

“Baba, kitu hiki kimeombewa?”

“Bado, mama.”

“Usikipige tena mpaka kiombewe.”

Maombi hayakatazwi, lakini dawa iko kwenye mipangilio ya kisanduku cha sauti, ubongo wa seti. Kuna kipimo cha wepesi wa padi kusikia, kuna kiwango cha chini ambacho mtikisiko usipokifikia haupokelewi, na visanduku vingi vina mpangilio maalumu wa kuzuia padi moja kuiamsha nyingine. Kukaza skrubu za stendi husaidia pia. Mnunuzi aliye bado dukani afanye jaribio dogo: apige snea kwa nguvu, sauti ikiwa imefunguliwa, asikilize kama kuna kingine kinachojibu. Jaribio hilo litamfaa kuliko sauti 300 za ziada.

Baada ya spika kuzimwa kwa amri ya jikoni, karani alivaa hedifoni, akajiona amefika. Ndani ya masikio yake mlikuwa na uwanja wa mpira uliojaa watu. Sebuleni palisikika tak, tak, tak, vijiti juu ya wavu, mlio ambao televisheni iliufunika bila taabu. Mkewe aliridhika, na mtoto akalala kweli.

Asubuhi, kwenye ngazi, alikutana na mzee wa ghorofa ya kwanza, mstaafu wa reli.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hivi kule juu mnatwanga nini usiku kucha?”

Mzee hakukosea sana. Pedali ya besi ina nyundo, na nyundo hiyo hushuka kwenye padi kama mchi kwenye kinu. Tofauti ni kwamba hapa kinu kimewekwa juu ya dari ya mtu. Sauti inayopita hewani hedifoni huimaliza. Kishindo kina njia yake. Hutoka kwenye pedali, hushuka kwenye miguu ya stendi, huingia kwenye zege, na zege hukifikisha chini kikiwa kizima. Seti ikiwa na ngozi za wavu ghali kuliko zote sokoni, bado mguu wa kulia utamfikia mzee.

Hapo ndipo uchaguzi wa mkazi wa ghorofani unapaswa kuanzia: kwenye mguu. Seti za kuanzia huja na besi za namna mbili. Namna ya kwanza ni mnara mdogo wenye padi inayopigwa na nyundo halisi. Mguu hujifunza uzito na mrejesho wa kweli, na siku ya kukalia dramu za kanisani hautashangaa. Namna ya pili haina nyundo kabisa: pedali ina kihisi ndani yake, kama ilivyo kwenye DTX402K, na kukanyaga kunatoa kishindo kidogo sana. Ubaya wake ni kwamba mguu haupati kile kipigo cha mwisho, ikabidi uzoee upya utakapokutana na besi yenye ngozi. Anayeishi nyumba ya chini yenye sakafu juu ya udongo achukue mnara bila wasiwasi. Anayeishi juu ya mstaafu afikirie mara mbili.

Karani alikuwa ameshanunua mnara. Akatandika zulia, mzee akaripoti kwamba sasa wanatwanga mpunga badala ya mahindi. Akaleta godoro la wageni, akaweka seti nzima juu yake. Kishindo kilipungua, lakini kila alipokanyaga pedali mnara uliinama na kumsujudia, na toazi la kushoto likawa linashuka taratibu kuelekea gotini.

Mafundi wa nyumbani duniani kote wana jawabu la bei nafuu: jukwaa la mipira ya tenisi. Huchukuliwa mbao mbili pana, mipira ikapangwa kati yake ndani ya matundu ili isibiringike, na seti ikawekwa juu. Mipira hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo kabla hakijagusa sakafu. Haiondoi chote, ila huugeuza mchi kuwa mguno. Karani alipata mipira iliyochoka kutoka kwa rafiki anayecheza tenisi, akaianika barazani usiku mmoja ili harufu itoke. Asubuhi haikuwepo. Ilikuwa uani, na watoto walikuwa wameshagawana timu mbili za kriketi. Ilibidi ainunue upya, kwa bei iliyopangwa na nahodha wa miaka tisa.

Kisha kuna vitu ambavyo mara nyingi havimo ndani ya boksi, na mnunuzi huvigundua seti ikiwa imeshafungwa. Cha kwanza ni kiti. Karani alikalia kiti cha plastiki chenye mikono, cha kukodisha harusini, na kila alipofungua viwiko alijipiga mwenyewe. Kiti cha dramu hakina mikono wala mgongo mpana, na hupandishwa mpaka mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Bila hivyo pedali hukanyagwa kwa kiuno, na kiuno hudai malipo baadaye.

Cha pili ni hedifoni, nazo ziwe za waya. Zile za Bluetooth karani alizokuwa nazo ofisini zilichelewesha sauti kwa muda unaoweza kufika sekunde 0.2. Kwa anayesikiliza mahubiri si kitu. Kwa mpigaji ni balaa: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo, kwa hiyo karibu nusu ya nafasi hiyo imeliwa kabla hajasikia alichokipiga. Karani alipiga, akasubiri, akasikia, akadhani ameshapitwa, akaongeza mwendo. Visanduku vyenye Bluetooth mara nyingi huitumia kupokea muziki kutoka kwenye simu, si kupeleka sauti ya dramu masikioni. Na kabla ya kulipia hedifoni za waya, mnunuzi aangalie tundu la kisanduku: vingine vina lile dogo la milimita 3.5, vingine lile nene la 6.35.

Hedifoni zina hatari moja isiyomhusu jirani. Kwa kuwa hakuna anayelalamika, mkono hupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwenye 90 hubaki saa nne tu.

La umeme halihitaji maneno mengi. Anayeletewa seti iliyotumika kutoka Marekani asome maandishi ya adapta, kwa sababu kule ni volti 120 na Tanzania ni 230. Isiyoandikwa 100–240 hupiga wimbo mmoja, tena wa moshi. Usiku umeme ulipokatika, karani aliendelea kukanyaga kizani ili asipoteze mapigo, bila kusikia chochote. Mzee wa chini hakuona tofauti yoyote.

Na kwa kweli mzee alikuwa na nafasi ya pekee. Snea haikumfikia, wala matoazi. Alisikia mguu mtupu, kila jioni, usio na pambo la kuuficha. Hakuna mwalimu anayepata kumsikia mwanafunzi wake hivyo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Jana saa mbili ulianza vizuri. Ulipofika katikati ukaanza kukimbia. Unamkimbia nani?”

Usiku ule karani aliwasha metronomu ya kisanduku kwa mara ya kwanza, akaiweka kwenye mapigo 70. Alipofika katikati akaanza tena kuongeza mwendo, na kutoka chini mpini wa fagio ukagonga dari: moja, mbili, tatu, nne.