Yah: Kijicho Changu na Taa Yako

Kwa Mkurugenzi wa Burudani,
Hoteli ya Ufukweni (jina nalisitiri, nawe ujisitiri),
Pwani ya Mashariki, Unguja.

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari ya kata, Morogoro. Desemba iliyopita nilifika kwenu na mume wangu na kijana wetu wa kidato cha tatu, tukalala siku 4, baada ya kudunduliza miaka miwili. Naandika kushukuru. Watu wengi hurudi kutoka Unguja na karafuu na picha za machweo. Mimi nilirudi na jeraha kwenye ulimi, na ni haki mwenye zawadi ashukuriwe kwa jina la cheo chake.

Kwanza hongera kwa mabango. Sijapata kuona nyumba inayojali uhai wa mgeni kama yenu. Bwawani kuna bango la kina cha maji. Chini ya minazi kuna bango la nazi. Sakafu ikipigwa deki, kibao cha manjano kinasimamishwa kabla ndoo haijaondoka. Mezani kila sinia lina kikaratasi chake: hiki kina karanga, hiki kina maziwa, hiki kina pilipili. Hata paka wa jikoni wana bango lao, kwamba wasilishwe. Yote kwa lugha 4, Kiswahili kikiwa cha mwisho, lakini kipo. Nilizunguka hoteli nzima nikisoma, kama mkaguzi wa elimu, na kitu kimoja tu ndicho nilichokikuta hakina bango: taa ya jukwaani.

Nina kifafa. Kifafa changu ni cha aina inayochokozwa na mwanga unaowaka na kuzima upesi upesi. Hatuko wengi; katika kila watu 100 wenye kifafa, wa namna yangu ni kama 3 hivi, kwa hiyo najua hesabu iko upande wako. Nilijiandaa. Vidonge nilimeza kwa saa yake. Usiku wa kuamkia safari nililala mapema, maana mtu wa hali yangu akikosa usingizi amejichimbia shimo. Ndani ya boti kutoka Dar nilikaa mbali na dirisha, kwa sababu jua likicheza juu ya mawimbi nalo ni taa. Njiani kuja kwenu, pale jua linapopenya kati ya minazi na gari liko kasi, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, nilijitanda khanga uso mzima hadi dereva akamwuliza mume wangu kwa sauti ya chini kama tumefiwa.

Tulipofika mapokezi nikauliza: usiku kwenye burudani kuna zile taa za kuwaka na kuzima? Binti wa watu, mwenye adabu zake, akanijibu, "Zipo mama, ondoa shaka. Tena nyingi."

Usiku wa kwanza nilikaa meza ya 9, karibu na mlango. Ngoma zikaanza vizuri. Kisha taa yako ikapanda jukwaani. Hapa naomba nikueleze jambo, kwa kuwa baadaye mlinishauri nifumbe macho. Kufumba macho hakusaidii. Kope ni pazia jepesi. Mwanga unapenya, unatawanyika na kulijaza jicho lote. Alichonifundisha daktari ni kuziba jicho moja kwa kiganja, barabara, nigeuze uso na niondoke. Ubongo unaoletewa mwanga na jicho moja hauchokozeki kirahisi kama ule unaoletewa na yote mawili. Basi nikaziba jicho, huku nikipapasa mkoba chini ya kiti ili nitoke.

Mshereheshaji wako akaniona. "Mama wa meza ya 9! Toa kijicho, wenzio wanafurahi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana mzaha mzuri ni mzaha mzuri, na Unguja ndiko kijicho kilikotungiwa nyimbo za kutosha. Lakini nilitoka. Mgongoni nilisikia akinisindikiza: "Kaondoka! Limempata!"

Nisikuibie haki: kabla sijatoka niliona sanaa. Kijana wa sarakasi alipanga magudulia juu ya magudulia, akaweka ubao, akapanda, akasimama kwa mkono mmoja. Watu walishika roho mikononi. Ndipo mkamwashia taa. Kuanzia hapo hatukumwona tena yeye. Tuliona vipande vyake. Mzee wa ngoma, ambaye mikono yake kwenye mwanga wa kawaida ilikuwa kama maji yanayomiminika, akageuzwa picha za pasipoti. Mmasai akiruka alionekana amening'inia hewani kama shati kwenye kamba, na kutua kwake, ambako ndiko kwenye kazi, kukapotea gizani. Mimi taa inaniangusha, hilo ni langu na ubongo wangu. Lakini wasanii wako wamekukosea nini?

Usiku wa pili niliamua kusikiliza tu. Nikakaa nje, kwenye ngazi, jukwaa nimelipa mgongo, sahani ya pweza magotini. Mbele yangu kulikuwa na milango yenu mikubwa ya vioo, iliyosuguliwa ikang'aa kama maji. Sikuipigia hesabu, mwalimu mzima. Taa ilipowaka nyuma yangu, ikanijia kwa mbele. Bega la kulia likashtuka mara moja, uma ukaruka. Yaliyofuata nimesimuliwa.

Nimesimuliwa kwamba wageni waliokuwa jirani walihama na viti vyao. Mfanyakazi mmoja akaonya watu wasiguse povu, kwamba litawaambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate, si kwa kushikana mikono. Ila nimeishi nacho tangu nikiwa na miaka 13, na povu langu linafukuza watu kuliko moto. Aliyekuja mbio kunisaidia ni mlinzi, Mungu ambariki, ameshika kijiko cha kupakulia pilau ili anitie mdomoni. Mume wangu ni mtu mpole, lakini nasikia kile kijiko alikinyang'anya. Akanilaza ubavu, akanikunjia khanga chini ya kichwa, akatazama saa. Dakika 2 na nusu. Zikifika 5 ndipo huwa tunakimbilia hospitali. Muda wote huo kijana wetu alikuwa kwa fundi mitambo akimwomba azime, na fundi akamjibu kwamba programu haikatwi katikati.

Huo ni uthabiti, Ndugu Mkurugenzi. Nchi hii ingekuwa na mafundi wa namna hiyo kwenye gridi ya umeme, tusingejua mgao.

Asubuhi tuliitwa ofisini. Tulipewa pole, tukapewa juisi ya ukwaju, tukapewa na karatasi ya bilauri 1 iliyovunjika, shilingi 15,000, ambayo nimelipa na risiti ninayo. Kisha ushauri: nivae miwani myeusi, au nibaki chumbani, kwa kuwa muziki unafika mpaka kule, au mara nyingine nije msimu ambao hakuna burudani. Ushauri huo wa tatu nimeupenda. Ni sawa na kumwambia mwenye mzio wa karanga aje siku ambayo hakuna chakula.

Mkasema pia kwamba taa ile ni ya kawaida, haijawahi kumdhuru mtu. Bahati mbaya mtoto wa mwalimu wa hesabu ana simu. Usiku wa kwanza aliirekodi kwa ile video ya mwendo wa pole, picha 240 kwa sekunde, na kutoka mmweko mmoja hadi mwingine alihesabu picha 20. Gawanya. Taa yenu inamweka mara 12 kwa sekunde. Mwanga unaotuangusha kwa kawaida ni ule wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, kwa hiyo mmelenga ndani kabisa. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, sehemu moja ya katuni ya Pokémon ilipishanisha nyekundu na bluu kwa kasi kama hiyo hiyo, kwa sekunde chache tu. Watu 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali, na wengi hawakuwa na historia yoyote ya kifafa. Katuni ikasimamishwa miezi 4. Sehemu ile haijarushwa tena. Uingereza, wanakotoka wageni wenu wa meza za mbele, mamlaka ya afya na usalama kazini inashauri taa kama hiyo isizidi mimweko 4 kwa sekunde kwenye kumbi. Basi hata hao mnaowaburudisha mnawapa kasi mara 3 ya ile inayoshauriwa kwao.

Usiku wetu wa mwisho tulishuka mjini. Ukumbi mdogo, balbu za kawaida, moja imeungua. Fidla, udi, kanuni, mwanamke mmoja amesimama wima kama mnara na kuimba. Kina mama wakainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza, noti wameikunja kwa vidole viwili, wanatembea polepole ili kila mtu aone ni nani anatunzwa na ni nani anasemwa. Niliwaona wote, mwanzo hadi mwisho, kwa macho yangu mawili.

Sikuombi uitupe taa. Najua imenunuliwa kwa fedha. Pembeni yake kuna kitufe cha duara kinachopunguza kasi. Kijana wetu amekiona, na anasema kinazunguka vizuri, hakina kutu. Kizungushe. Na ukipata nafasi kati ya bango la nazi na bango la paka, bandika hili, nakupa bure, Kiswahili kikiwa juu: "Onyesho la leo lina taa za kuwaka na kuzima, kuanzia saa 3 na nusu usiku." Nitajua saa ya kutoka. Nitajitoa mwenyewe, na kijicho changu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa Meza ya 9

Nakala:
Fundi mitambo: programu inakatwa.
Mlinzi wa zamu ya usiku: ahsante, kijiko kirudi jikoni.