Steringi Hafi, Lakini Huyu Alikaribia

Mtaani kila mtu anamjua Al Pacino wa The Godfather. Waulize kuhusu The Panic in Needle Park, filamu ya 1971 kuhusu mateja, iliyomfanya steringi kwa mara ya kwanza, uone watakavyobadilisha mada. Hizi hapa sababu tano za kuitafuta, tukihesabu kurudi nyuma. Bisi acha jikoni, hazitashuka.

5. Haina muziki. Mwongozaji Jerry Schatzberg hakuweka hata fidla moja ya kukuambia sasa lia. Ni honi za New York na watu kugombana. Usipolia, shauri yako.

4. Sindano. Kamera inasogea mpaka kwenye mshipa, damu inapanda kwenye bomba, na kamera haiondoki. Wewe geuka tu, hatutamwambia mtu.

3. Kijiwe chenyewe. Sherman Square, Manhattan, mateja wamejaa kwenye mabenchi. Unga ukiadimika mjini bei inapaa, arosto inaanza, na kila mmoja anaanza kumwuza mwenzake kwa polisi. Joan Didion na mumewe John Gregory Dunne waliandika mswada bila kuhubiri hata kidogo. Wanaotaka mahubiri, Jumapili haiko mbali.

2. Mbwa. Bobby, ndiye Pacino, na mpenzi wake Helen wanaota kuacha unga na kwenda kuishi shamba, wananunua na mtoto wa mbwa kabisa. Wakiwa kwenye kivuko, wanajifungia chooni wajidunge kidogo tu. Mbwa anaachwa nje ya mlango, anatangatanga, anatumbukia majini. Mipango ya teja hiyo: mbwa hakufika hata gatini.

1. Kitty Winn. Pacino anazidisha dozi na kuponea chupuchupu, anaiba, anachekesha, lakini tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Cannes 1971 ilikwenda kwa Winn, aliyecheza Helen. Helen wake anaingia akiwa hatumii. Baadaye anauza mwili apate kete, na mwishowe anamchoma Bobby kwa polisi ili asifungwe yeye. Bobby anatoka jela, na nani anamsubiri nje? Huyohuyo. Anamfokea, kisha wanaondoka pamoja! Usiulize kama wanapendana. Wanapendana sana, ila unga ulitangulia kupeleka posa.