Waungwana Waliopanda Lushoto

Tuwapongeze jamaa zetu wa Dar es Salaam waliopanda kona za kutoka Mombo hadi Lushoto kuwajulia hali marafiki. Hawakwenda mikono mitupu: walibeba mkate mmoja, uliobonyea chini ya begi, na watoto sita. Jogoo alichinjwa. Wakala kifua, mapaja na firigisi, wakawaachia wenyeji shingo, maana watu wa baridi hupenda mchuzi. Vyombo hawakugusa, maji ya Usambara hayafai mikono ya mjini. Wajerumani nao waliupenda mji huu, wakauita Wilhelmstal. Hawa ni wastaarabu zaidi: jina hawakubadili, walijaza tu buti kabichi, peasi na maparachichi. Mama mwenye nyumba alipoguna kidogo, wakamtuliza upesi: “Usijali, Idi tunarudi, tena na mashemeji.”