Mwongozo wa Mwindaji Anayecheza Akiwa Mulongwe

Kwanza hongera, mdogo wangu. Katika World of Warcraft ungeweza kuwa shujaa wa upanga, mchawi wa barafu au padri wa kuponya wenzake, ukaamua kuwa Chasseur, mwindaji wa kupiga kutoka mbali. Umefanya vizuri. Anayecheza Mulongwe, mtaa wetu hapa Uvira, Kongo, kwenye mashine zilizoko Ulaya anapiga kutoka mbali hata akichagua upanga.

Mchezo huu ulitoka Marekani Novemba 2004, ukafika Ulaya Februari 2005, na tangu hapo wawindaji hawajaacha kugombana juu ya njia tatu za kuchagua. Anayecheza kwa Kifaransa, lugha tuliyopigiwa fimbo shuleni, anaziona kwenye kioo kwa majina ya Maîtrise des bêtes, Précision na Survie. Ya kwanza ni ya kupigana kupitia mnyama uliyemfuga. Ya pili ni ya kulenga shabaha. Ya tatu tutaizika baadaye. Wataalamu wa Ulaya wameandika kurasa juu ya kurasa, na majedwali ya asilimia zenye nukta, kuonyesha njia ipi inaumiza zaidi kwa sekunde. Yasome ukipenda, ni mazuri. Yana kasoro moja tu: yanadhani kwamba ukibonyeza, mshale unatoka.

Yalete majedwali hayo Mulongwe, kisha uyaulize swali ambalo halijawahi kuulizwa: njia ipi inaendelea kupigana wakati mpiganaji mwenyewe hayupo?

Tuanze na Précision, maana najua ndiyo inayokutamanisha. Kila kijana hujiona mlenga shabaha. Pigo lake kubwa linaitwa Visée: unasimama tuli, unavuta upinde kwa sekunde chache, mshale unaondoka, adui anayumba. Kwa mtu wa Lyon hizo sekunde si kitu. Kwako ni muda wa kutosha mnara wa simu kubadili mawazo. Na kuna jambo la saa ambalo hakuna mtaalamu anayelieleza. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa ya Uvira na saa ya Paris ni ileile. Basi wenzako wakipanga kukutana saa mbili usiku, wamepanga saa ambayo mji mzima, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, umewasha taa, pasi na redio, na SNEL, kampuni ya umeme, nayo imeanza kujisikia vibaya. Delestaji, yaani ukataji wa umeme, haina ratiba, ila ina mazoea, na saa mbili usiku ni mazoea yake. Utavuta upinde. Utaendelea kuuvuta. Wenzako wataona mwindaji aliyesimama kama mnara wa kumbukumbu ya mtu mashuhuri, na mmoja ataandika alama ya kuuliza.

Maîtrise des bêtes haina shida hiyo. Kwanza unapiga huku ukikimbia, hakuna kusimama wala kungoja. Pili, na hili ndilo kubwa, mnyama wako haishi ndani ya laptop yako. Anaishi kwenye mashine ileile ya Ulaya. Ukishampa amri ya kushambulia, mtandao ukikwama yeye hana habari, anaendelea kung'ata. Ndiye mfanyakazi pekee ninayemjua anayefanya kazi vizuri zaidi bosi akiwa hapatikani kwenye simu. Mtandao ukirudi unakuta adui amelala na wenzako wanakushukuru. Pokea shukrani bila maelezo. Lakini nisikudanganye: ukikatika kabisa, mhusika wako husimama kidogo kisha hutoweka, na mnyama hutoweka naye. Hapo hakuna njia ya kukuokoa, hata uombe.

Sasa mnyama gani? Hapa mtu wa Uvira ana faida, kwa sababu wengi wa hao wanyama tunawajua kwa sura. Mchezo una nyani wakubwa wanaofugika. Wenzetu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega wamekuwa wakiwatazama sokwe wa kweli tangu zamani, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina na kumwambia keti. Tangu 2014 kuna pia mnyama wa mtoni mwenye umbo la kiboko. Simshauri. Mtu ambaye amekutana na kiboko usiku kwenye njia ya ziwani hataki kumwona tena akipumzika, tena kwa kulipia.

Chagua mamba. Wa mchezoni ana miguu 6, lakini usihangaike na hilo. Sisi wa kaskazini ya ziwa Tanganyika tuna historia na mamba. Kwenye delta ya Ruzizi aliishi Gustave, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, na anayesemekana kula watu wengi. Walimkadiria kuwa na urefu wa mita 6 hivi. Hakuna aliyejitolea kushika upande wa pili wa futi. Walimjengea mtego wa chuma, wakaweka kamera, wakaweka chambo. Gustave akapita pembeni. Filamu ya juhudi hizo ilionyeshwa 2004, mwaka uleule mchezo wetu ulipotoka, na mchezoni kumfuga mamba kunahitaji kubonyeza mara moja na kuvumilia kung'atwa mpaka mstari ujae. Kwenye toleo la zamani, lililofunguliwa upya Agosti 2019, ilikuwa sekunde 20 za kung'atwa. Faye angezikubali.

Ukicheza toleo hilo la zamani, jua kwamba mnyama anakula. Mamba anataka samaki au nyama, na usipomlisha anakasirika na nguvu zake zinapungua. Huku kwetu, ambako sahani ya ndagala ikipanda bei mama anakata ya watoto kwanza, kuna jambo la kutafakari unapomlisha samaki mamba wa umeme. Litafakari kwa kimya. Usilitaje mezani.

Toleo la zamani lina mtego mwingine. Ukifika ngazi ya 60 unakuwa na pointi 51 za kugawa, na ukijuta, kuzirudisha kunagharimu dhahabu: 1 mara ya kwanza, kisha bei inapanda hadi 50. Kwenye toleo la kisasa unabadili njia bure. Basi kijana mwenye tabia ya kubadili mawazo akae kwenye la kisasa. Tena zamani mwindaji alinunua mishale na kuibeba kwenye podo, ikiisha amekwisha. Watengenezaji waliondoa mishale ya kununua mwaka 2010 ili kumpunguzia mtu mzigo. Mulongwe hatukupata habari. Bado tunanunua, inaitwa mega za intaneti, na huisha katikati ya vita vilevile.

Kuhusu silaha nitasema kidogo, na unisikilize. Mwindaji anaweza kushika upinde au bunduki. Kwa takwimu za mchezo, angalia ipi ina nguvu. Kwa Mulongwe, chukua upinde. Bunduki ya mchezoni ina mlio mzuri sana, wamefanya kazi nzuri hao watu wa sauti, na spika za laptop yako zina nguvu kuliko unavyodhani. Ukiifyatua saa nne usiku dirisha likiwa wazi, utasikia mlango wa jirani ukifungwa, kisha wa jirani yake, kisha taa za upande mzima zikizimwa bila msaada wa SNEL. Kesho asubuhi mkuu wa avenue atataka kujua nani alikuwa anafyatua. Utamweleza nini? Kwamba alikuwa nguruwe, ngazi ya 7?

Survie, kama nilivyoahidi. Mwaka 2016 watengenezaji walimlazimisha mwindaji wa Survie aache upinde, ashike mkuki, aende akapigane pua kwa pua. Yaani mpiga mbali anayepiga karibu. Apumzike kwa amani.

Pesa sasa. Toleo la kisasa ni bure hadi ngazi ya 20, na njia unaichagua ukifika ya 10, kwa hiyo una ngazi kumi za kujaribu bila kumlilia mtu. Baada ya hapo ni karibu dola 15 kwa mwezi, kwa kadi ya benki ambayo huna. Hapa unamwandikia mjomba aliyeko Ulaya. Usiseme mchezo. Mwambie ukweli ulio salama: umefika hatua ya kuchagua utaalamu, washauri wanasema wa wanyama una mustakabali mzuri, na ada ni ya kila mwezi. Mjomba aliyemaliza miaka akiosha vyombo ili mmoja wenu awe daktari wa mifugo atatuma kabla hujamaliza ujumbe. Akiuliza matokeo, mtumie picha ya mamba.

Mwisho, kuna ujuzi mmoja ambao njia zote tatu zinao, na mimi nauweka juu ya yote. Unaitwa Feindre la mort. Ukiubonyeza, mwindaji anaanguka chini kama maiti na maadui wanamwacha. Wazungu huutumia dhidi ya majoka. Wewe utautumia maji ya Regideso yakirudi, mama akisimama mlangoni na mabidoni na kusema, "Uko unacheza tena? Robine imefunguka!" Bonyeza, lala, toka mbio. Ila soma maandishi madogo: kwenye toleo la zamani maiti hiyo ina dakika 6 tu, na ukizipitisha unakufa kweli. Dakika 6 hazitoshi kufika robine, kusimama kwenye foleni, kugombana na yule anayeingiza bidoni la jirani, na kurudi. Kwa hiyo beba moja la lita 20, na umwambie mama kwamba mengine yanakuja.