Taaluma Yako Ni Ipi? (Jaza kwa Herufi Kubwa)

Anayetunga fomu za nchi hii simjui, lakini nina neno naye. Jina la baba anakuachia mstari mzima. Jina la mama, mstari mzima. Mtaa, kata, wilaya, mkoa, hata namba ya nyumba ambayo mwenyewe anajua haipo, vyote kavipa nafasi ya kujinyoosha. Akifika kwenye "Kazi/Taaluma" ubahili unamkamata. Anachora kisanduku kinachotosha neno MWALIMU, au NESI, basi, kamaliza.

Kisanduku kile kinanitoa jasho. Nilisomea kilimo, nikawa bwana shamba. Kisha nikawa karani wa wakala wa forodha bandarini Dar es Salaam, nikikimbizana na makaratasi ya makontena ya watu. Nikaenda Morogoro kuuza pembejeo na dawa za mifugo. Nikawa mshereheshaji wa harusi, kazi niliyoipata siku ambayo mshereheshaji aliyelipwa alizima simu, na katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa na suti iliyopigwa pasi. Sasa hivi naweka hesabu za duka la vifaa vya ujenzi huko Tegeta, na usiku naandika safu hii. Haya, yaingize yote hayo kwenye kisanduku, tena kwa herufi kubwa.

Huishia kuandika MFANYABIASHARA, kama wenzangu wote. Neno hilo na ndugu yake MKULIMA ndiyo yanayolibeba taifa hili. Fungua gazeti kwenye habari za mahakamani: kila aliyepandishwa kizimbani ni mfanyabiashara au mkulima, hata kama jembe mara ya mwisho aliliona kwenye bendera ya chama.

Afadhali fomu, kwa sababu haina mdomo. Wakwe wanao.

Posa yangu ilipelekwa na baba mdogo. Mwenyewe sikuwepo, kama desturi inavyotaka, lakini alirudi na habari yote pamoja na kisirani chake. Anasema salamu zilikwenda vizuri, ukoo ukasifiwa, barua ikapokelewa. Ndipo mzee wa upande wa pili akauliza, kwa upole kabisa, kijana wenu anafanya kazi gani. Wakati huo bandari nilikuwa nimeacha na duka sijafungua.

"Yuko kwenye mizigo," akasema ba'mdogo.

"Anabeba?"

"Hapana, anaisimamia. Yaani alikuwa anaisimamia. Sasa yuko kwenye kilimo."

"Shamba lake liko wapi?"

"Shamba hana. Ana elimu yake."

Shangazi wa binti, aliyekuwa kimya tangu wageni waingie, akatoa hukumu: mshika mbili moja humponyoka. Laiti ningekuwepo ningemwambia kwamba kwa siku ile, shangazi, hata hiyo moja sijaishika. Mahari ikapanda. Ba'mdogo hadi leo lile ongezeko analiita faini.

Nashuku waliotunga methali za kazi walikuwa na ajira za kudumu na pensheni. Mtaka yote hukosa yote. Mshika mbili. Njia yako ya kazi ikiwa imepinda, ukoo mzima unazikumbuka kwa moyo. Ile ya mchagua jembe si mkulima hakuna aliyewahi kunitolea, ingawa ndiyo niliyoiishi.

Kwenye usaili ni yaleyale, ila wanavaa tai. Nimekaa mbele ya majopo ya watu watatu watatu, kila mmoja na chupa yake ya maji ambayo mgeni hakaribishwi. Mmoja aliugeuzageuza wasifu wangu kama mtu anayetafuta tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye kopo la maziwa, akasema: "Hapa katikati naona pengo." Pengo! Lilikuwa duka la pembejeo, halikuwa na barua ya ajira kwa sababu mwajiri ni mimi. Ndani ya pengo lile nilioa, nililipa kodi ya nyumba, nilizika, nilisomesha mdogo wangu. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama nilivyofanya ndani ya pengo.

Swali la mwisho halibadiliki: unajiona wapi baada ya miaka mitano? Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Bila shaka kila mmoja wao alikuwa amejiona mahali fulani baada ya miaka mitano. Waliokosa hawakuyeyuka. Wapo kwenye bodaboda, kwenye uwakala wa fedha za simu, kwenye maduka ya vipodozi, kwenye shule binafsi wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea. Siku wakiitwa tena, jopo litawauliza kwa mshangao mbona njia yao imekatakata kona.

Natamani jopo lile limwite Shaaban Robert. Mwaka 1926 ameingia idara ya forodha, Pangani na kwingineko. Miaka ya arobaini yuko Mpwapwa, idara ya mifugo. Kutoka hapo ofisi ya serikali Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi. "Bwana Shaaban, umetoka kwenye ushuru ukaenda kwa ng'ombe, ukatoka kwa ng'ombe ukaenda kwenye ramani. Huoni kama hujatulia? Na hapa chini, kwenye mengineyo, umeandika… mashairi?" Wangemwambia watampigia.

Akitoka yeye aingie Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Huyu alianza kama mkaguzi wa afya, mambo ya usafi wa majumbani mwa watu, akahamia kwenye magazeti, akahariri hadi gazeti la Mkulima, kisha akatuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Mimi sishangai. Mtu aliyelipwa kuingia nyua za watu na kuuliza harufu hii inatoka wapi, akikaa kuandika ataandika nini kama si upelelezi? Lakini mweleze hivyo afisa rasilimali watu uone.

Hata hivyo, hasira zangu kubwa siku hizi siyo kwa majopo. Ni kwa wahamasishaji.

Miaka yote nilipokuwa nimepinda kwa aibu hawakuwepo. Sasa wamegundua kwamba kupinda kunauzika. Unalipa kiingilio, unapewa kalamu na chai yenye maandazi mawili, halafu kijana mwenye maikrofoni ya shavuni anakupigia kelele: "Kila kona uliyopita lilikuwa darasa! Mwambie jirani yako, kona ni darasa!" Nikamgeukia jirani yangu nikamwambia. Alikuwa fundi friji. Akaniuliza kama ile chai yote haikuwa na sukari au ni yake tu.

Kona zangu nazijua. Bandarini niliondoka kwa sababu tajiri alihama ofisi usiku, akahama na mishahara yetu. Duka nililifunga kwa sababu wakulima walikopa mbolea wakati wa kupanda, mvua ikakataa, na hakuna anayeweza kumdai mtu mahindi ambayo hayakuota. Darasa gani? Kona ya kwanza ilikuwa kodi ya nyumba, ya pili ilikuwa ada.

Wakiishiwa mifano humleta Edward Saidi Tingatinga. Na kweli alizunguka: alizaliwa 1932 huko kusini, Tunduru, akaenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya Mwingereza, akachuuza matunda na mboga, akawahi kuwa mhudumu Muhimbili. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora ndege na chui kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa, zile za baiskeli, akawauzia wazungu pale Oysterbay. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Mhamasishaji hukomea hapo, makofi yakapigwa. Hasemi kwamba 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, ana miaka minne tu ya uchoraji. Wala hasemi kwamba mtu yule alishika brashi kwa sababu picha zilikuwa zinalipa. Mimi hilo ndilo linalonifanya nimpende.

Na hao walionyooka, nao mbona hatuwaulizi? Jirani yangu ni mwalimu, kadi yake ya kazini imenyooka kama rula. Saa tisa alasiri anavua tai anakuwa mwenye bodaboda mbili na anagombana na vijana wa hesabu. Mkewe ni nesi. Ukitaka vitenge vya Kongo, ukitaka sabuni, ukitaka jiki, pita kwake akitoka zamu. Afisa wa mkoa mmoja niliyesherehesha harusi ya mwanawe ana mabanda ya kuku ambayo mimi, bwana shamba mwenye cheti, sijawahi hata kuyaota. Mtaa mzima umepinda. Tofauti ni kwamba wao wanapinda baada ya saa za kazi, ofisini wameacha koti kwenye kiti.

Nikubali moja, kwa sauti ya chini shangazi asinisikie: haya matakataka niliyookota njiani yananisaidia. Tajiri wangu wa Tegeta akiambiwa kontena la vigae "linatoka kesho", mimi ndiye najua kesho hiyo ni ya wiki gani, kwa sababu uongo ule niliwahi kuuandika mwenyewe kwa barua yenye mhuri. Na wakulima waliokufa na deni langu walinifundisha uso wa mtu atakayelipa Ijumaa; kwa mafundi ujenzi uso ni uleule.

Halafu kuna ile harusi ya Morogoro. Tumefika kwenye keki, nimeshaita wazazi wasogee mbele, mzee mmoja wa meza kuu ananipungia mkono. Nikadhani anataka wimbo. Kumbe alinitambua enzi za duka. "Bwana shamba, yule mdudu kanitangaze amenimalizia nyanya." Nikataka kumwambia baadaye, mzee wangu, keki inasubiri. Fundi wa muziki, ambaye naye ana robo eka ya nyanya, akashusha muziki kabisa na kuongeza sauti ya maikrofoni yangu. Basi ukumbi mzima, bibi harusi na shela lake, wakasikiliza kwa nini usipige dawa ileile kila wiki, kwa nini majani yaliyoliwa uyang'oe na kuyafukia, na mtego wa maji na taa unatengenezwaje. Maswali yalikuja mpaka meza ya wapishi. Keki ilikatwa watu wakiandika majina ya dawa nyuma ya kadi za mwaliko. Bwana harusi hajanisamehe, lakini mkwe wake alinipigia wiki iliyofuata kuhusu vitunguu.

Wiki iliyopita dada yangu akamleta mwanawe nyumbani. Kijana amemaliza kidato cha nne na anatakiwa kuchagua tahasusi. Enzi zetu zilikuwa chache, unahesabu kwa vidole. Sasa zimefika 65, na mtoto wa miaka kumi na saba anaambiwa achague moja, maana hiyo ndiyo maisha yake. Amekaa kwenye kochi, karatasi mapajani, uso umemvimba. Dada ananiambia, "Mshauri mpwa wako, wewe umesoma."

Nikamwuliza ni shule zipi anazozifikiria. Akazitaja. Nikamwambia aulize ni ipi ina mwalimu wa hesabu anayeingia darasani, aende hiyo, tahasusi wataelewana hukohuko.

Dada akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ile mashine ya kuangulia vifaranga bado naiuza.