Konda, Basi!

Msyuu! Kijiwe cha kahawa pale karibu na stendi ya Misuna kilichafuka, na aliyekichafua ni kijana wa bodaboda. Anashikilia kwamba basi la kupanda na basi la "inatosha" ni neno lilelile. Eti zamani gari likifika mwisho wa safari abiria walisema basi, jina likaganda hapohapo. Vijiwe bwana! Mtu akishakunywa kahawa na kashata mbili, keshakuwa profesa.

Sikilizeni. Hilo la "inatosha" asili yake ni Kiajemi, bas, nalo limezagaa Bahari ya Hindi nzima. Mwambie "bas" anayekumiminia chai Mumbai, atainua birika, Muscat vilevile. Kwetu ndiyo limepata kazi kila mahali: njoo basi, basi siku moja sungura, basi tena. Mtu wa hapa Singida akitaka kukata simu anakwambia "haya basi", na bado ataongea robo saa.

La kupanda limetoka kwingine kabisa. Miaka ya 1820, mjini Nantes, Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha magari ya farasi ya kubeba yeyote mwenye nauli, yakaitwa omnibus. Ni Kilatini, maana yake "kwa wote". Mwaka 1829 George Shillibeer akaleta mtindo huo London. Waingereza, wavivu wa kutamka, wakakata kichwa na kiwiliwili wakabakiza bus, ambayo kwa Kilatini ni kipande tu cha mwisho wa neno, peke yake hakina maana. Yaani umeagiza kuku mzima wa Singida, umeletewa mkia, na umekula ukashiba! Sisi tukatia irabu nyuma, tukapata basi na wingi wake mabasi. Lile la Kiajemi wingi halina. Hebu sema "mabasi tena" uone watu watakavyokucheka.

Sasa panda haisi ya Ilongero siku ya gulio. Leveli siti ilishapitwa zamani, mama kapakata debe la alizeti, mzee wa watu kakunjwa mlangoni kama mkeka. Abiria wanapaza sauti: "Konda, basi!" Konda anajibu: "Sogeeni huko nyuma, wa mwisho huyu." Anapakia watatu. Hapo ndipo maneno yenyewe yanapogombana: moja linasema imetosha, jingine linasema kwa wote, na konda, ambaye Kilatini hajakisikia hata redioni, kashika hilo la pili.

Kijana wa bodaboda akafyonya, akasema hayo yote hayampunguzii bei ya mafuta. Kweli, hayampunguzii. Ila nyie makonda, abiria akisema basi, hajakuitia gari. Fungeni mlango tuondoke.