Yah: Maombi ya Kurudishiwa Pasiwedi ya Nyumba Yangu Mwenyewe

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti (jina nalihifadhi, kwa kuwa mmoja wetu lazima ajue kuhifadhi kitu),
Makao Makuu.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na ruta yako ikiwaka taa zote. Mimi ni yule mteja wenu wa thamani wa Nyamwaga. Kwamba ni wa thamani najua, maana mashine yenu ya simu ilinihakikishia hivyo kila baada ya dakika moja, mpaka chaji ikaisha.

Mwaka huu nimekuja kwenu mara tatu kuomba pasiwedi. Ya kwanza haikuwa kosa langu. Fundi wenu alipokuja kufunga ruta aliichukua simu yangu, akabonyezabonyeza, akasema, "Tayari, mzee," akapanda pikipiki na siri yangu kichwani mwake. Simu ilipodumbukia kwenye ndoo ya maji, pasiwedi ikazama nayo. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada mwenye sauti ya asali akanielekeza nipakue programu yenu, humo nitabadilisha mwenyewe. Nikamuuliza nitaipakua kwa intaneti ipi. Akanitakia siku njema.

Basi nikabanwa kwenye gari la mchomoko, watu wanne kiti cha watatu, hadi Tarime mjini. Dukani mkaniambia ruta ina laini, laini ina NIDA, kwa hiyo nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na sina ugomvi na hilo. Ila vidole vyangu vimeshika jembe tangu utoto, na mashine yenu ikavikataa mara nne. Kijana wa kaunta akanipa kitambaa nifute mikono, watu wote wakitazama. Mura, ule haukuwa uchafu! Ule ni ushahidi wa shamba lililolipia ruta yenu na kiti alichokalia!

Samahani, Ndugu Meneja. Tuendelee kistaarabu.

Kidole cha tano kikakubaliwa. Nikapewa pasiwedi mpya, kwa sauti, foleni nzima ikisikia: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane.

Wiki haikuisha, vijana wakawa wamejipanga kwenye ukuta wangu kama mbayuwayu kwenye waya, kila mmoja na simu yake. Bando la mwezi likakata roho tarehe tisa. Nikabadilisha pasiwedi, nikaweka ngumu, nikaisahau. Safari ya pili: kitambaa, vidole, moja mpaka nane. Mwanangu akaibadilisha, akaenda bweni ambako simu ni marufuku. Safari ya tatu: kitambaa, vidole, moja mpaka nane. Kila ninapotia komeo mlangoni mwangu, mnaniita mjini kunikagua kama mwizi, halafu mnanirudisha nyumbani baada ya kuling'oa.

Aliyenifungua macho ni kijana wa jirani, wa kidato cha pili. Aliigeuza ruta chali. Chini yake pana stika: jina la mtandao, pasiwedi ya kiwandani, na anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Kando yake pana tundu dogo. Akachukua mwiba, akabonyeza humo kwa sekunde kama kumi, taa zikazimika na kuwaka upya, na ruta ikarudi ilivyotoka kiwandani. Hakuniomba NIDA. Kisha akauliza kama kuna simu nyingine nyumbani iliyokuwa bado imeunganishwa. Ipo, ya mama watoto. Akanionyesha kwamba simu ya Android, kuanzia toleo la 10, ikiwa bado imeunganishwa inaweza kutoa msimbo wa QR wa waifai hiyo, na nyingi zinaandika pasiwedi chini yake.

Yaani siku zile nilizosimama kwenu nikifutishwa mikono, pasiwedi ilikuwa jikoni kwangu, kwenye mfuko wa aproni. Mlijua. Mtu mmoja tu pale dukani angetamka maneno mawili, "geuza ruta", ningeokoa nauli, siku tatu za kazi na heshima yangu. Hakuna aliyeyatamka. Mlinitazama tu.

Nashukuru hata hivyo kwa elimu niliyoipata baada ya hapo. Kijana aliandika ile anwani ya kwenye stika, 192.168.8.1, akaulizwa jina na nywila ya msimamizi, akaweka "admin" na "admin", akapokelewa kama mkwe. Akanieleza kwamba ndivyo kirusi cha Mirai kilivyotamba mwaka 2016: kilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani zisizozidi mia, kikabisha hodi kwenye kamera na ruta za dunia nzima, na laki kadhaa zikakifungulia. Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Akazima WPS pia, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa, maana namba yake ya siri ina tarakimu nane lakini ruta huikagua nusu kwa nusu, na tangu 2011 inajulikana kuwa majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Uingereza, kuanzia Aprili 29, 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na nywila moja inayofanana kwa wote. Kwenu nywila hiyo ndiyo huduma yenyewe.

Kwa unyenyekevu, basi, nawasilisha maombi yangu.

Kwanza, wimbo wa kusubirisha wateja ubadilishwe. Pili, stika ibandikwe kwa gundi ambayo mende hawaipendi. Tatu, programu ya kumsaidia mtu asiye na intaneti isihitaji intaneti.

Nne, na hili ndilo ombi hasa: pasiwedi yangu ikabidhiwe kwa inchama.

Kwa kuwa uko mbali na Mara, nikukumbushe tu kwamba hao ni wazee wa baraza la siri la Wakurya, na yanayosemwa humo hayavuji. Nikisahau, sitakwenda mjini. Nitabeba kibuyu nikawakute chini ya mti. Hawatataka vidole. Wataniuliza: bibi yako mzaa baba alitolewa ng'ombe wangapi? Yule mwenye pembe iliyovunjika alitoka zizi la nani? Nani alipanda juu ya mti siku fisi alipoingia bomani, na kwa nini anasema alikuwa anachuma maembe? Tapeli yeyote aliyezoea kuandika "ile hela tuma kwenye namba hii" atakwama kwenye ng'ombe wa kwanza.

Nikishinda, mzee mmoja atanipa nusu ya pasiwedi. Nusu nyingine itakuwa kwa mzee ambaye hasemezani naye tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Huu ndio uthibitisho wa hatua mbili. Mdukuzi atakayeitaka yote itabidi awapatanishe kwanza, na akiweza, apewe tu intaneti, ameistahili. Penye herufi kubwa mzee atasimama. Penye ndogo atakaa. Penye alama ya mshangao atagonga fimbo chini. Ile alama ya anwani za barua pepe ataichora mavumbini kama pembe ya fahali iliyojikunja, halafu ataifuta kwa kiatu. Kampuni itagharamia sukari na kiti kimoja chenye mgongo. Ukilinganisha na kaunta yenu, ni bei ya kutupa.

Wakati mnalitafakari hilo, nimejihami. Nywila ya msimamizi nimeibadilisha. Ya waifai ni maneno manne yasiyohusiana, na nimeyaandika kwenye karatasi nyuma ya picha ya harusi yetu, ambako antena ya jirani haifiki. Vijana wa ukutani wamehama.

Wamehamia nyumba ya tatu kutoka kwangu. Barabara hii ina ruta nyingine sita zenye nembo yenu. Pasiwedi zake sijazijaribu, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia pasipo idhini. Ila fundi aliyezifunga ni yuleyule.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja wa thamani,
Nyamwaga, Tarime.